Doa Jeusi Katika Jicho la Kulia

Mwaka 2016 nilipewa kazi ya kusimamia usalama wa leza katika taasisi moja ya utafiti Johannesburg. Nilipita maabara moja hadi nyingine nikikagua miwani ya kinga, taa nyekundu za juu ya milango, na ile swichi inayozima leza mlango ukifunguliwa. Nikiingia, mazungumzo yalikatika. Nikitoka, niliyasikia yakianza tena.

Nilipanga nyumba Randburg, kitongoji cha jiji hilo, peke yangu. Siku nyingi Kiswahili nilikisikia kwa watu wawili tu: mama, kwa simu kutoka Tanga, na mtafiti mmoja Mkongo wa Lubumbashi. Huyu tulikula pamoja mchana, kwenye benchi nyuma ya jengo. Aliniita dada, nami nilimwita kaka. Alikuwa akicheka Kiswahili changu, akisema naongea kama redio. Nilikuwa nafika kazini asubuhi nikiwaza saa saba.

Mwaka uliofuata, msimu wa baridi, niliona anageuza kichwa kila anaposoma. Alilaza shavu begani akaitazama simu kwa upande, kama kuku. Nikadhani shingo inamuuma. Siku chache baadaye nilikagua maabara yake, mwenyewe akiwa mkutanoni. Vioo vya miwani yake vilikuwa na vumbi la wiki nyingi. Swichi ya mlango ilibandikwa utepe wa gundi, ili leza isizimike watu wakiingia na kutoka.

Nilimsubiri. Alipokuja nilikuwa nimeshachora miraba midogo kwenye karatasi, kama ya daftari la hesabu, na nukta katikati.

“Kaka, ziba jicho la kushoto. Tazama nukta.”

“Juu ya nini?” aliuliza, yaani kwa nini, kwa Kiswahili cha kwao.

“Nisaidie tu.”

Alitazama. Akaisogeza karatasi karibu na uso.

“Nukta iko wapi?” aliuliza.

Ndipo akanieleza. Wiki tatu nyuma alikuwa akirekebisha vioo vya kuelekezea leza, miwani ameipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ilimtia giza. Spana aliyoshika ikakatiza njia ya mwale, nao ukaakisiwa usoni kwake. Mwale wa leza ile hauonekani kwa macho. Alisikia mlio mdogo tu, kama kitu kimepasuka ndani ya kichwa, kisha doa jeusi likaingia kwenye jicho la kulia na halikutoka.

“Utaandika?”

“Lazima niandike.”

“Dada, makaratasi yangu ya kukaa huku inategemea hii kazi. Sema hii doa nilikuja nayo kutoka kwetu.”

“Na wanafunzi wako wawili? Wanaingia humu kila siku.”

“Utepe natoa sasa hivi.”

Aliubandua mbele yangu kwa kucha. Nilimwambia aende hospitali ya macho siku hiyohiyo, akakubali, nami nikaondoka bila kusema nitafanya nini.

Siku mbili nilitembea na fomu tupu ya taarifa ya ajali ndani ya mkoba. Nilijiambia ninamwonea huruma kwa ajili ya makaratasi yake. Ukweli ni kwamba niliogopa kula peke yangu. Siku ya tatu nikapita kwake, nikamkuta mwanafunzi wake ameinama, macho usawa wa meza, leza inawaka, hana miwani. Nilibonyeza kitufe cha dharura, nikawatoa wote nje, nikaenda kuandika. Niliandika yote, hata zile siku mbili zangu.

Maabara ilifungwa kwa miezi kadhaa. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuchelewa, na niliistahili. Madaktari wa macho walimwambia kovu la ndani ya jicho halitapona. Hakufukuzwa, ila alihamishiwa jengo jingine kufanya kazi ya kompyuta, na mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Alipata nafasi nchi nyingine. Miezi yote hiyo, tukikutana kwenye korido, alinisalimia kwa Kiingereza.

Siku yake ya mwisho alikuja ofisini kwangu. Hakuketi.

“Sikukuja kugombana,” alisema. “Wale wanafunzi wangu ni wazima, ni muzuri. Ulifanya kazi yako. Lakini kila nikifungua kitabu, nakuona wewe na ile karatasi. Siwezi kukaa na wewe tena tukakula.”

“Naelewa, kaka.”

“Ubaki muzuri, dada.”

Akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Newtown, katikati ya jiji, kwa fundi cherehani mmoja Mkongo niliyewahi kumsikia akiongea Kiswahili na wateja wake. Nilimpelekea gauni nimwombe alipunguze. Alinivalisha, akapiga magoti na pini mdomoni, akalitazama pindo, kisha akanitazama mimi.

“Mama, hii nguo inakukaa sawa. Nipunguze wapi?”

“Popote,” nikasema. “Sina haraka.”

Akanivutia kiti, akaniuliza natoka wapi.