Utosi wa Pili

Kila Jumamosi, baada ya kufua, mama aliketi kwenye kiti kifupi mlangoni kwetu Mutakura, nami chini, kichwa changu katikati ya magoti yake. Alisuka kwa kukaza. Nikilalamika alisema, "Vumilia, we si mutoto." Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Jumamosi moja vidole vyake vilisimama juu ya sikio langu la kushoto. Vikarudi. Palikuwa laini, panabonyea.

"Mi nimekuvunja," alisema taratibu.

Picha za hospitali zilionyesha matundu mawili yaliyopakana kwenye fuvu, pale pale juu ya sikio. Daktari alitueleza bila haraka: ni sarkoidosi. Kinga ya mwili inajenga vinundu pasipo na adui, mara nyingi mapafuni. Kwangu vilikuwa mapafuni, tena, jambo la nadra, katika mfupa wa kichwa. Si saratani. Haiambukizi. Kusuka hakukusababisha lolote. Akaniandikia vidonge vya kotizoni. Mama aliitikia kila neno, "Ndiyo, dokta." Tulipofika nje akasema, "Ni utosi. Utosi yako imefunguka tena."

Utosi wangu wa kwanza, ule laini wa uchanga, aliulea mwenyewe, akiupaka mafuta na kuufunika mpaka ukafunga. Huu wa pili aliufunga kitambaa, na hakuugusa tena. Utosi wa mtoto hausukwi.

Vidonge vilinivimbisha uso. Jirani akanisifu kwamba nimenenepa. "Ni mimba ya mashavu," mama akamjibu, tukacheka wote watatu. Lakini Jumamosi alifua, akaanika, akaingia ndani. Nilibaki mlangoni nikitamani kuumizwa.

Miezi minane baadaye daktari aliruhusu nisukwe, bila kukaza.

"Apana," mama alisema. "Huyo dokta hakukuzaa."

Nikaenda saluni Cibitoke. Msusi alikuwa na mikono myepesi. Kila mara aliniuliza kama inauma. Haikuuma hata kidogo.

Niliporudi, mama alinizunguka mara mbili. "Ni nani amekusuka hivi? Mistari inapinda kama njia ya kupanda Kinanira."

"Mama mmoja wa Cibitoke."

"Kaa chini."

Alifumua ya kisogoni akaisuka upya, kwa kukaza, machozi yakanilenga. Akapanda polepole upande wa kushoto. Juu ya sikio mkono wake uliinuka, ukaruka, ukatua mbele zaidi. Nilisogeza kichwa kuufuata.

"Tulia," alisema.

Nikatulia. Pale juu ya sikio ikabaki kazi ya yule mama wa Cibitoke.