Mkono wa Diwani Maige

Kama kugonga meza kungekuwa na mshahara, Maige wa Igoma angekuwa tajiri. Ni fundi wa kuchomelea mageti, na tangu achaguliwe udiwani ukumbi wa madiwani unamjua kwa kishindo. Hoja ikiungwa mkono, wenzake hugonga kistaarabu; yeye hugonga mpaka chupa za maji zinacheza. Kusoma kitabu cha bajeti ndiko alikokuwa goigoi. Kinene mno, alisema, na kina utitiri wa tarakimu.

Mwaka jana alikuwa na ahadi moja tu: kivuko cha miguu juu ya korongo ambalo mvua ikinyesha huwatenga watoto wa mtaani kwake na shule. Kamati ya fedha ilishamwambia kuwa kimo kwenye bajeti. Siku ya kupitisha bajeti Meya akauliza wanaoafiki, Maige akagonga kuliko wote. Jioni akanunua sato mzima kusherehekea.

Muhtasari wa bajeti ulipobandikwa ofisi ya kata, kivuko hakikuwamo. Makisio ya mapato yalishuka, kamati ikakiondoa, na kitabu kilisema hivyo waziwazi kwa yeyote ambaye angekifungua. Maige aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Angeweza kuwasingizia wataalamu, na ulimi ulishaanza kumwasha. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mkutano wa mtaa watoto walikaa mbele, viatu vyenye tope mkononi. Akamwamkia Bibi Dorotea, muuza dagaa, bibi akanyamaza. Basi akasema tu, "Niliyepitisha ni mimi. Sikusoma."

Watu wakaguna. Dorotea akainuka taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Sasa mkono uliogonga meza uje ubebe mawe."

Ukabeba. Kila Jumamosi walichimba na kujenga msingi kwa nguvu zao, Maige akachomelea vyuma vya pembeni. Mradi ambao wananchi wameshauanza, baraza huona haya kuupa kisogo.

Bajeti ya mwaka huu ilipofika mezani, Meya akauliza wanaoafiki. Meza zikalia, kisha wote wakageuka kusubiri kile kishindo. Maige alikuwa ameinamia kitabu cha bajeti, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Meya akamwuliza kama ana pingamizi.

"Sina, Mstahiki Meya," akajibu bila kuinua macho. "Ila naomba mnisubiri. Bado sijafika kwetu."