Mpira kwenye Kifuniko cha Tangi

Mimi ni fundi magari wa Ng'ambo, hapa Tabora, na zamani nilikuwa najisikia sana. Masika yakianza, wenye magari ya foo-wili wanaokwenda Ulyankulu, Urambo na huko ndani walinitafuta mimi kwanza. Barabara nyingi za huko zimefuata njia za zamani za misafara, na njia zile zilikatiza mabondeni bila kujali. Bonde likijaa, hakuna barabara. Nilikuwa nawatania wateja kwamba wapagazi waliweza kukaa wiki nzima wakingoja maji yashuke, ila nyie mna haraka, haya leteni gari. Walicheka na wakaleta.

Kazi yenyewe si uchawi. Unaanza na hewa, kwa sababu injini ikivuta maji imekwisha. Bomba la kuvutia hewa nalipandisha hadi usawa wa paa na kulifunga kwa vipande vya tyubu. Kisha nashuka kwenye difu, lile giaboksi la kwenye ekseli, mbele na nyuma. Difu ina kitundu chake cha kupumulia, nami nakiunganisha na mpira mrefu unaoishia juu ndani ya boneti, maana difu ikiwa ya moto ikatumbukia kwenye maji baridi inavuta, na ikikosa hewa itavuta maji. Nyaya napaka grisi. Mkanda wa feni unalegezwa pale pale mtoni ili feni isirushe maji juu ya injini. Mbele ya rejeta nafunga turubai.

Yapo matundu ambayo hayazibwi. Kifuniko cha tangi la dizeli kwenye magari ya zamani kina kitundu kidogo kama cha sindano. Dizeli ikitoka, hewa inaingia pale. Ukikiziba, gari litakwenda vizuri tu kwa muda, halafu tangi linaanza kujinyonya, dizeli haifiki kwenye injini, gari linazima. Hilo nililijua tangu mwaka wangu wa kwanza wa kushika spana. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilikosea kwa kutojua.

Na tulikuwa na desturi. Fundi aliyenifundisha kazi, mtu mkali aliyekuwa akirusha spana kwa hasira, hakukubali gari aliloliziba yeye liingie majini bila yeye kuwepo. Anapanda, anafika mtoni, anavua suruali, anatangulia na fimbo akipima kina, gari linamfuata nyuma. Kama lina kasoro itaonekana ukingoni, na kama kuna shimo ataingia yeye kwanza. Mafundi wote aliowafundisha tulifanya hivyo. Mimi nilifanya hivyo kila masika, isipokuwa mara moja.

Mama yetu wakati huo aliishi bado kijijini, ndani ya Ulyankulu, kwenye shamba walilofyeka na baba walipofika kutoka Burundi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa linafifia, lakini alikuwa bado anachambua mchele mwenyewe na kutuambia kitenge cha nani kimepauka. Ndipo likasomwa tangazo kanisani kwamba madaktari wa macho wanakuja Tabora mjini kwa siku tano. Muuguzi wa zahanati ya kijijini alimpigia mdogo wangu na kumwambia waziwazi: jicho lina presha, haliwezi kungoja kiangazi. Akichelewa hizo siku tano, hataona tena.

Tatizo lilikuwa mto. Daraja la magogo lilikuwa limebebwa na maji, bodaboda hazipiti, na mama kwa magoti yake mabovu hakuweza kuvushwa mgongoni kwenye maji ya kifua. Mdogo wangu alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja. Akaazima pikapu ya bosi wake, kuukuu lakini ya foo-wili, akaniletea gereji siku ya pili ya wale madaktari. Mpango ulikuwa aondoke kesho yake alfajiri, avuke, ampakie mama, arudi siku ya nne. Siku moja ingebaki ya akiba.

Sasa, mimi na mdogo wangu tulikuwa na kinyongo cha masika yaliyotangulia. Gari hilohilo nililiandaa mimi, likaingia maji kwenye difu ya nyuma, oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, naye akagombezwa na bosi. Mimi nikasema ni yeye, aliingia majini difu ikiwa ya moto bila kungoja ipoe. Yeye akasema mpira wangu ulichomoka. Ukweli ni kwamba mpira ulichomoka. Sikuwahi kumkubalia.

Basi siku hiyo akanisimamia. Mimi kaka yake, na wateja wamekaa kwenye benchi, yeye ananifuata nyuma akionesha kidole. Hapa umekaza? Na hapa? Hebu vuta tuone. Nikajikausha. Mwisho akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Kaka, safari hii usiache tundu hata moja. Anayekuja ni mama."

Watu wakacheka. Nilifura. Kana kwamba mimi sikujua anayekuja ni nani, kana kwamba yeye ndiye mwenye mama. Tangu hapo nikaziba kila alipoonesha, kimyakimya. Akafika kwenye tangi, akakigusa kifuniko, akauliza, na hapa je?

Neno moja lingetosha. Hapo hapazibwi. Ningelisema hata kwa kumtukana, ningelisema hata kwa kumcheka mbele ya wale wateja, na leo nisingekuwa na la kuandika. Sikusema. Nilikata mpira wa tyubu ya pikipiki, nikapaka grisi, nikauvalisha kwenye kifuniko ukakaa barabara. Nilijua vizuri kitakachotokea. Nilipiga hesabu kwamba litamzimia njiani, pakavu, mahali penye mtandao, atanipigia simu akiwa ametota jasho, nitamwacha ahangaike kidogo, kisha nitamwambia afungue kifuniko. Gereji nzima tutacheka mwezi mzima. Nilitaka kumkomesha tu, ashike adabu.

Alfajiri alinipitia nyumbani kama desturi ilivyo, anichukue twende mtoni. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikamwambia nina kazi za wateja, naye si ndiye fundi siku hizi. Akanitazama, akaondoka. Nilikaa na simu mkononi hadi mchana nikingoja ilie, na nilipoona hailii nikaanza kupiga mimi. Hakupatikana. Nikajua ameshafika mtoni, kusiko na mtandao.

Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye. Gari lilianza kukohoa kwenye mteremko wa mtoni, akadhani ni dizeli chafu. Ng'ambo ya pili mama alikuwa ameshaletwa kwa baiskeli, amekalia begi lake, amevaa kitenge cha kanisani. Hakuliona gari, aliusikia mlio. Mdogo wangu akapima kina peke yake, akarudi, akawasha, akaingia taratibu kama inavyotakiwa, na katikati ya maji injini ikakata. Akapiga stata hadi betri ikafa. Maji yakaingia ndani, yakafika kwenye viti.

"Mbona limenyamaza?" mama aliwauliza waliokuwa naye.

Lilikaa mle siku mbili. Alitembea kutafuta watu, hadi Wasukuma wenye mifugo wakaja na maksai sita, wakalivuta kulirudisha upande wa Tabora. Ilikuwa siku ya tano, jua la mchana. Jioni hiyo madaktari walifunga vifaa vyao. Mimi niliwaona kwa macho yangu wakipakia masanduku, nikamsihi mmoja wao abaki siku moja tu. Alinihurumia, lakini walikuwa na mji mwingine wa kwenda.

Kiangazi tulimpeleka mama hospitali kubwa. Daktari akammulika, akatuita pembeni, akatuambia mshipa wa jicho umeshakufa. Mama aliyesikia kila kitu akauliza kama miwani ingesaidia.

Bosi alimwachisha mdogo wangu kazi kwa sababu ya gari. Gari lenyewe nilirudishiwa mimi nilitengeneze, nami kitu cha kwanza nilichotazama ni kifuniko cha tangi. Mpira haukuwepo. Nikajiambia umechukuliwa na maji. Nilipomuuliza mdogo wangu ilikuwaje, alinijibu kwamba maji yaliingia, basi. Na mama, ambaye ulimi wake haujawahi kufifia, alimaliza kesi mwenyewe: huyu mdogo tangu utotoni ana pupa, aliingia mtoni kama fahali, amenipofusha. Aliyasema hayo mbele ya wajomba, mbele ya mke wa mdogo wangu, mara nyingi. Mdogo wangu aliinama tu. Mimi nilikuwepo, na nilikuwa na mdomo.

Miaka ikapita hivyo. Mdogo wangu alihamia Goweko, akalima tumbaku. Mwaka jana nilipanda treni nikamfuata huko. Tulikaa kwenye mabani yake ya kukaushia tumbaku, moto unawaka, nikamwambia yote: kwamba nilijua, kwamba nilitaka kumchezea, kwamba viatu nilikuwa nimeshavaa. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Yeye alikuwa anasogeza kuni.

Akasema alijua tangu siku ya maksai. Gari lilipotoka majini alifungua kifuniko aongeze dizeli, tangi likavuta pumzi kwa nguvu, likalia, naye akaelewa. Aliutoa mpira, akautupa mtoni. Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya miaka yote hiyo akibeba lawama zangu. Akasema kwanza alikuwa na hasira ambayo ingeleta mauaji, kisha hasira ikapoa, kisha akaona haina maana, na isitoshe kidole kilichoonesha kifuniko kilikuwa chake. Nikasema nitakwenda kumwambia mama ukweli. Hapo ndipo alipoacha kuni.

"Usimwambie. Mimi alishanisamehe. Wewe itabidi aanze upya, na umri ule."

Nilipaswa kubisha. Mwanaume mwenye haya angebisha. Nilikubali haraka, na nilichosikia kifuani ni nafuu, na nafuu ile inanitia aibu kuliko mpira wenyewe. Niliondoka Goweko mwepesi na kumwacha yeye na mzigo uleule.

Mama sasa yuko kwangu, Gongoni. Namsindikiza uani akitaka kuota jua, mke wangu anampigia pasi vitenge ambavyo hajui tena vina rangi gani. Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja kutoka Goweko na viazi vitamu nusu gunia. Tulikula pamoja. Mama alikula vizuri, akaoshwa mikono, akapapasa hadi akalipata bega langu, akaniegemea. Alisema bila hasira, kama mtu anayesema habari za mvua:

"Siku ile ungekuja wewe, baba, leo ningekuwa naona."

Mdogo wangu alikuwa ameshika birika na beseni. Hakuinua uso. Nikamwambia mama kwamba ni kweli, ningekuja mimi angekuwa anaona, naye akanipigapiga begani kunipoza.