Simu ya Baba Kutoka Wenzhou

Suyue, mshona mikono ya makoti pale Prato, Italia, alikwenda ofisi ya chama cha watu wa Wenzhou, mji wao wa China, kuhuisha leseni yake ya udereva ya huko. Wachina wenzake wote walishughulikia zao hapo: askari wa nyumbani China anakuona kwenye kamera, unaokoa nauli ya ndege. Kaka Xia, msimamizi, akammiminia chai.

"Mzee wako mzima? Hebu nimsalimie."

Mkubwa akiomba kumsalimia mzazi wako, humnyimi. Suyue akampa simu kwa mikono miwili. Baba hakupokea, lakini Xia hakuirudisha upesi. Kidole chake kilishuka, kikashuka, mpaka kwenye kundi la ujumbe ambamo Suyue aliandika jinsi serikali ilivyobomoa nyumba za mtaa wao.

"Unaandika vizuri, mdogo wangu. Nyumbani watapenda kusoma."

Tangu hapo usingizi ukampaa.

Polisi wa Italia walipoifunga ofisi, wakisema hakuna serikali ya nje iliyoruhusiwa kuweka askari wake pale, kiwandani watu walicheka. "Sasa leseni tukaombe Beijing kwa miguu!" akasema Meizhu, jirani yake wa cherehani. Suyue akapumua kidogo.

Wiki haijaisha, Xia akaingia kiwandani, simu mkononi. "Walichofunga ni mlango tu. Mzee yuko hewani."

Uso wa baba ulikuwa umekauka. Kando yake lilionekana bega lenye sare. "Rudi, mwanangu," alisema kwa Kichina cha shule, kama anayesoma. "Uje ujieleze, mambo yaishe." Ghafla akageukia kilugha chao cha Wenzhou, ambacho askari wa kutoka mikoa mingine hawakiambulii: "Usikanyage huku hata nikifa!"

Askari hakushtuka. Aliyeshtuka ni Xia, mzaliwa wa mji uleule, aliyeelewa kila neno.

"Kaka Xia," Suyue akasema, "hukusikia kitu. Nakuomba."

Xia akatabasamu, akazima simu. "Masikio yangu mazima, mdogo wangu. Panda ndege, nayo yatakuwa mabovu."

Alipotoka, Meizhu, aliyesikia yote, akamshika Suyue mkono, akampeleka hadi kituo cha polisi wa Italia.

"Nikimtaja mtu anayenitisha, baba yangu mtamlinda?" Suyue akauliza.

Askari wa kike akaweka kalamu chini. "Hapa tutakulinda wewe. Kule mkono wetu haufiki."

Suyue akautazama mlango. Lakini baba alikwishasema asirudi, hata yeye akifa. Akavuta kiti, akalitaja jina la Xia kwa sauti ndogo mno, hata akaombwa alirudie.