Barua ya Chacha Ndani ya Kiatu cha Kulia

Msomaji wa mwisho wa gazeti la Kibengali hapa Guangzhou alikuwa kiatu. Nina uhakika, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha.

Mama yangu, mtu wa Mwanza, ana chumba cha kufungia mizigo karibu na Zhanxi, kwenye soko la viatu vya jumla. Wateja wake wengi ni Wakongo. Kiatu kisipojazwa karatasi kabla ya safari kinafika Lubumbashi kimebonyea kama chapati ya jana, na mteja anapiga simu kulia kwa Kifaransa. Kwa hiyo Jumamosi, wenzangu wa shule wakiwa bado wamelala, mimi najaza viatu.

Karatasi tulipewa na jirani wa mlango wa pili, mzee kutoka Dhaka anayeuza vifungo na zipu. Wenzake humwita Chacha, yaani baba mdogo kwa lugha yao. Mama alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alimuuliza kama ni Mkurya wa Tarime. Mzee akajibu kwamba Tarime hajafika, lakini kama zipu zinauzika, atakwenda. Kiswahili amekiokota kwetu miaka yote hiyo, na akikasirika anakichanganya na Kichina.

Gazeti lenyewe lilikuja kwa ndege. Msafiri yeyote wa kwao aliyetua uwanja wa ndege wa Baiyun alibeba furushi la magazeti ya siku nne tano na kuliacha kwetu, maana sisi tunafungua mapema. Ndiyo, simu zina habari. Lakini Chacha alisema habari ya simu haina harufu, na huwezi kumpigia nzi.

Kulisoma kulikuwa na utaratibu. Chacha alisoma kwanza, akaweka vema kwenye kona kwa kalamu nyekundu. Akafuata kinyozi wa ghorofa ya chini, yeye akichora mkasi. Mwisho alikuwa mpishi wa biriani, aliyesoma kriketi tu. Huyo hakuhitaji kuchora: dole gumba lake lenye manjano lilijipiga muhuri lenyewe. Vema, mkasi, manjano. Gazeti lenye alama zote tatu liliruhusiwa kuingia kiatuni. Pungufu ya hapo, mwiko.

Na mimi nilisoma, kwa namna yangu. Furushi likifika, kabla Chacha hajaja, niliwachorea masharubu watu wa kwenye picha. Kwa wiki kadhaa mzee alisikitika kwamba mawaziri wa kwao wote wameiga mtindo mmoja. Alishtuka siku waziri mwanamke alipofuga.

Historia ya gazeti nilipewa bure huku nikijaza. Lilianzia chumba kimoja juu ya duka la vitu vitamu, na nakala za kwanza, kwa maneno yake, zilisomwa na sisimizi. Baba yake Chacha alikuwa mpanga herufi. Enzi hizo kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, inaokotwa kwa mkono, na Kibengali kina herufi zinazobebana mgongoni, hivyo sanduku lake lilikuwa kubwa kama kitanda cha maharusi. Usiku mmoja mafuriko yakaingia kiwandani. Wenzake wakakimbia, yeye akabaki amesimama majini akipanga herufi, na asubuhi gazeti likatoka.

Mwaka nilioanza kujaza viatu, maji hayo yalimfika kwenye kifundo cha mguu. Mwaka uliofuata, magotini. Mwaka huu yalikuwa kidevuni, na baba wa watu alikuwa akipanga herufi mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Chacha, yakifika puani utanistua?"

"Wewe mtoto huna adabu. Jaza viatu."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulitania. Gazeti halikuwahi kumtaja baba yake, hata mara moja. Kwa miaka mingi Chacha aliandika barua kwa mhariri kueleza usiku ule, na kwa miaka hiyohiyo mhariri alinyamaza.

Sasa, Jumamosi moja Mama alikwenda kufuata makatoni, akaniachia viatu vya rangi ya fedha vya wasimamizi wa harusi ya Lubumbashi. Gari la kwanza la mizigo lingefika saa nne. Magazeti yenye alama yakaisha nikiwa sijafika popote, na marafiki zangu walikuwa wakinisubiri uwanjani. Mezani, furushi jipya kutoka Baiyun, bichi kabisa, linaniangalia.

Nikaona isiwe tabu. Vema, nina kalamu nyekundu. Mkasi, hata mtoto wa chekechea anachora. Manjano, nikachovya dole kwenye kopo la Mama la viungo. Alama zote tatu, kona zote. Nikachana kila karatasi katikati, nikajaza viatu vyote vya kushoto kwa vipande vya juu, kisha vyote vya kulia kwa vipande vya chini, bila kujali kipi ni cha kipi. Gari likaja, likaondoka na nusu ya makatoni.

Mama alikuwa ndiyo kwanza amerudi, Chacha akaingia na kalamu mpya na shati lililopigwa pasi.

"Mpwa wangu amepiga simu," akasema. "Barua yangu imetoka! Iko kwenye furushi la leo. Liko wapi?"

Nikaangalia dari. Mama akaniangalia mimi, kisha dole langu la njano.

"Mtoto sina," akasema Mama. "Nina msiba."

Chacha hakufoka, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikaa juu ya katoni, kofia ya kalamu mpya mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Meiyou?" Kwa Kichina cha sokoni, hakuna.

Tukafungua makatoni yaliyobaki. Mama, kinyozi, mpishi na mimi, tumepiga magoti kwenye korido tukivua karatasi viatu vya harusi. Mpishi alisimama kila baada ya jozi kusoma kriketi. Ndani ya kiatu cha kushoto, namba thelathini na nane, Chacha akaona jina lake.

Akaisoma kwa sauti, mpishi akitutafsiria: baba yake, jina lake kamili, sanduku la herufi, wenzake wakikimbia. "Naye akabaki amesimama," akatafsiri mpishi, "na maji yakamfika..."

Karatasi ikaishia hapo. Nilikuwa nimeichana.

"Yalimfika wapi?" akauliza kinyozi.

"Kidevuni," akasema Chacha.

Kipande cha chini hatukukiona: kilikuwa kimeondoka na gari, ndani ya kiatu cha kulia. Mama akampigia mteja wetu, Maman wa Lubumbashi, akanipa simu nijieleze mwenyewe. Maman alicheka mpaka akakohoa. "Chérie, nitafungua viatu vyote ya kuume. Lakini kama moja imebonyea, utaivaa weye!"

Siku ya mzigo kufika alituma picha: karatasi imenyooshwa kwa pasi juu ya meza, na mguu wa mtu pembeni. Korido nzima ikajaa. Mpishi akaikuza picha, akakohoa kidogo.

"...kwenye kifundo cha mguu," akasoma.

Chacha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mhariri amepunguza maji," akasema.

Kisha akaomba picha ichapwe. Akaiunganisha kwa gundi na kile kipande cha juu, akaweka vema kubwa nyekundu, akaibandika ukutani kati ya zipu nyeusi na zipu za rangi. Alama zangu bandia bado zipo kwenye kona, manjano na kila kitu. Hakuzifuta.

Siku hizi viatu tunavijaza karatasi nyeupe za kununua, zisizo na habari yoyote. Gazeti naruhusiwa kulishika mikono ikiwa imeoshwa. Na mteja mgeni akiingia, Chacha humpeleka ukutani na kumsimulia usiku ule, kidole kikiwa juu ya jina la baba yake. Jana nilisikia maji yamefika magotini.