Njia ya Kurudi kutoka Koboko

Mume wangu alikufa kwa homa, mvua zikielekea kwisha, katika ile miaka ya sabini ambapo petroli ilikuwa imepotea Arua na barabara zikabaki za miguu na baiskeli. Hatukuwa na mtoto. Aliacha koti, panga na baiskeli nyeusi yenye taa na dinamo. Kwa desturi ya ukoo wake, watu wa Koboko, baiskeli ya marehemu inakwenda kwa ndugu yake. Sikubishana na hilo. Niliogopa tu. Nilikuwa nauza unga wa muhogo, na muhogo wenyewe niliufuata vijiji vya Aroi na Pajulu. Alipokuwa hai alinibebea magunia kwa baiskeli hiyo. Bila baiskeli ningebeba kichwani, na mzigo wa kichwa changu haukutosha hata kunilisha mimi mwenyewe.

Nilikaa eda, maana nilisilimu nilipoolewa, ingawa nilizaliwa upande wa Kongo nikabatizwa, na kengele ya kanisa la Ediofe ndiyo iliyokuwa ikiniamsha bado. Muda wote huo baiskeli ilisimama ndani, kando ya kitanda. Eda ilipokwisha niliitoa nje nikajifunza kuipanda. Nasema kweli: sikujifunza kwa ajili ya kumkumbuka. Nilijifunza kwa sababu nilitaka ibaki kwangu, na nilidhani nikijua kuipanda nitakuwa na neno la kusema.

Suruali kwa wanawake ilikuwa imekatazwa na serikali, kwa hiyo nilivaa ya marehemu chini ya kitenge. Niliazima spana kwa jirani nikashusha kiti mpaka mwisho. Jirani huyo, mjane kama mimi lakini mzee kuliko mimi, alikaa mlangoni akitazama.

"Unaanguka vizuri," alisema. "Siku ya kwanza ulikuwa unaanguka kama gunia. Sasa unaanguka kama mutu."

Baada ya wiki mbili nilikuwa sianguki, ila kushuka kulinishinda. Nilikuwa natafuta kichuguu au ukingo wa kuegemea.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa ufuta akaleta ujumbe kutoka kwa shemeji kule Koboko: eda imekwisha, lete baiskeli. Jirani akaniambia, "Kabla ya kufika, pandisha kiti. Akiona kiti iko chini, atajua ulikuwa unacheza na mali yake." Akanipa ile spana niende nayo.

Niliondoka alfajiri na chumvi kidogo ya mama mkwe imefungwa kwenye keria. Sikuwahi kupita njia hiyo, lakini niliijua kwa maneno. Marehemu alikuwa akipeleka sabuni na chumvi Koboko kila mwezi na kurudi na ufuta na asali, na hakupita barabara kubwa yenye vizuizi vya askari. Alipita barabara za tumbaku, zile za changarawe zilizochongwa zamani ili malori yafuate majani mashambani. Madaraja yalikuwa yameanguka na malori hayakwenda tena. Kila aliporudi alikaa jikoni akanisimulia njia nzima, kila mara kwa mpango uleule, na mimi nikisonga ugali nilikuwa naitikia tu. Nusu ya mara hizo sikuwa nasikiliza. Hata hivyo ilikuwa imeingia kichwani, kama sala inavyoingia kwa mtoto.

Alisema kuna mteremko mrefu ambapo unakaa tu kwenye kiti na baiskeli inakwenda yenyewe. Nilipopita Maracha niliusubiri mteremko huo. Nilichokutana nacho ni mlima. Nilisukuma mpaka jasho likaingia machoni, nikasema moyoni kwamba alikuwa anajisifu, kama wanaume wote wanavyojisifu wakiwa mbele ya chakula. Kisha nikaona haya kumsema vibaya mtu aliyekufa, lakini niliendelea kumsema.

Juu ya mlima njia ilikuwa nzuri. Changarawe ndogo, ngumu, imeoshwa na mvua. Hakuna gari, hakuna vumbi. Nilisikia cheni yangu mwenyewe na ndege. Wanaume watatu waliobeba majani ya kuezekea walisimama pembeni kunitazama.

"We mama," mmoja alisema, "bwana yako iko wapi?"

"Amekufa."

Waliteremsha majani wakanipa pole. Kisha yule yule akasema, "Basi pole tena, maana gurudumu ya nyuma inataka pumzi." Akanipulizia kwa pampu yangu, wakaenda.

Nilifika kwenye njia panda yenye jiwe kubwa lililolala kama ng'ombe. Hapo maneno yake yalikuwa wazi: kwenye jiwe, shika kulia. Nilishika kulia. Njia ilishuka, nami nikafurahi, nikashuka muda mrefu bila kukanyaga, mpaka nikafika kwenye mto mpana, wenye maji ya rangi ya chai, na nguzo mbili za daraja zisizo na kitu juu yake. Wanawake walikuwa wameloweka muhogo ukingoni.

"Daraja iliondoka zamani," alisema mmoja wao. "We unaenda kuoga ama unaenda mahali?"

"Koboko."

Walicheka mpaka mmoja akaketi. "Koboko iko kule nyuma. Mlima Liru iko kule. Hii njia inakutupa kule jua inatoka."

"Mume wangu alisema kwenye jiwe ni kulia."

"Alikuwa anatoka wapi?" aliuliza yule aliyeketi. Hakuwa anacheka tena.

Ndipo nikaelewa. Hakuwahi hata siku moja kunisimulia safari ya kwenda. Asubuhi za kuondoka nilikuwa na kazi zangu, naye alifunga mzigo akaaga. Alisimulia akisharudi, na alianza alikoanzia, mlangoni kwa mama yake, akamalizia kwangu. Njia yote niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya kurudi nyumbani. Mteremko wake ndio mlima niliopanda nikisukuma. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu.

Nililia pale mtoni, mara ya kwanza mbele ya watu tangu kifo chake. Wanawake waliacha kazi. Mmoja alinipa muhogo wa kuchoma. Kisha nikasukuma baiskeli kurudi juu mpaka kwenye jiwe.

Kutoka hapo niliigeuza njia yake, neno kwa neno, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ghala la tumbaku lililobomoka, ambalo kwake lilikuwa karibu na mwanzo, kwangu lilikuja karibu na mwisho. Baada yake ulibaki mto mmoja wa kuvuka kwa mawe. Nilikaa ng'ambo, Liru ikiwa mbele yangu, nikatoa spana. Niliishika kwa muda. Nikipandisha kiti, nitaingia nikisukuma kama mjane anayerudisha mali, na hakuna wa kuniuliza. Kukiacha chini ni kukiri kwamba nimekuwa nikiipanda. Niliirudisha spana kwenye mfuko. Sijui kama ulikuwa ujasiri au uchovu tu.

Jua lilikuwa limeinama upande wa Kongo nilipoingia uani nikiwa juu ya baiskeli, na kwa kuwa sikujua kushuka vizuri, niliegemea ukuta wa nyumba ya mama mkwe. Shemeji, mwanamume mrefu aliyewahi kuwa jeshini, alisimama. Tulisalimiana, tukapeana pole za kifo upya. Kisha akaizunguka baiskeli, akaketi juu yake, na magoti yakampanda mpaka karibu na kidevu.

"Nani ameshusha kiti?"

"Mimi, shemeji."

"Ulitoka nayo Arua ukiwa juu?"

"Sehemu nyingine juu, nyingine nilisukuma. Ninaihitaji. Ukiichukua ni haki yako, lakini ninaihitaji."

Mama mkwe, aliyekuwa akifungua chumvi, alisema bila kuinua kichwa, "Mutoto yangu alikuwa analeta chumvi na habari kila mwezi. Chumvi naona. Wewe na hiyo miguu yako mirefu, ukipata baiskeli utaniletea habari ya wapi? Ya pombe?"

"Mama, hiyo ni kitu ya ndugu yangu," alisema shemeji, polepole. Niliona kwamba aliitaka kweli, na si kwa sababu ya safari.

Usiku huo nililala kwa mama mkwe. Asubuhi nilimkuta shemeji amechuchumaa kando ya baiskeli na spana yake mwenyewe. Alikuwa amefungua taa na dinamo na kuvifunga katika kitambaa. Sasa alikuwa anakaza nati ya kiti, palepale chini nilipokiweka.

"Ilikuwa inalegea," alisema. "Taa inabaki kwangu. Wewe utatembea mchana. Kila mwezi unakuja kwa mama. Ukikosa miezi miwili, nakuja kuichukua."

Nilikwenda kila mwezi, mpaka mwaka wa sabini na tisa vita vilipotutawanya. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni safari ile ya kwanza ya kurudi. Kila kitu kilikuja kwa mpango wake. Mlima Liru mgongoni. Mto wa mawe. Ghala. Kwenye jiwe nikashika kulia. Kwenye mteremko nikakaa tu, baiskeli ikaenda yenyewe, na hakuwa amejisifu hata kidogo.

Masimulizi yake yalikuwa yakiisha kwenye kilima cha mwisho baada ya Aroi. Alikuwa anasema, "Hapo naona moshi wako." Nilipofika nilisimama nikatazama upande wa nyumba yetu. Moshi ulikuwa wa majirani. Kwetu haukuwapo, kwa kuwa mwenye kuwasha moto nilikuwa mimi, na nilikuwa bado njiani.

Pale chini changarawe ni nyingi, na breki ya mbele ilikuwa imechoka. Nikashuka kwenye baiskeli, safari hii bila ukuta, nikaisukuma mpaka mlangoni.