Pigo la Ghalani

Mkono wangu ni mwepesi. Katika miaka tisa ya studio yangu hapa Mamboleo, Kisumu, nyuma ya duka la magurudumu, nimevunja viti viwili, nimemzaba kibao mpiga gitaa aliyekuja kazini amelewa, na nimemrushia mwimbaji mmoja maikrofoni ikampasua juu ya jicho. Bado wateja hurudi, kwa sababu biti zangu hupiga kama mimi mwenyewe. Wakiniona nimenyamaza ghafla hunong'onezana, hasira hasara, mpe nafasi. Mimi sijiulizi nilikoitoa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na baba yangu alikuwa mpiga nyatiti aliyepiga kila kilichokaa karibu naye.

Alipiga nyuzi nane za kinubi hicho cha Wajaluo kwa vidole, na kwa kidole gumba cha mguu alivaa pete nene ya chuma, oduong'o, ambayo aligongea ubao wa nyatiti kushika mdundo. Sisi alitupiga kwa mshipi, kwa ukuni, kwa mpini wa jembe. Naye Mama, baba alimpiga kwa kiganja kitupu. Nyatiti yenyewe kwetu mwanamke haigusi, hata kuihamisha ikinyeshewa. Nilijua hilo kabla sijajua kuhesabu.

Kazi yake ilikuwa ulinzi wa ghala la pamba karibu na Katito, ghala ambalo halikuwa na pamba tena tangu wakulima walipochoka nayo. Kuta za mabati, paa la mabati, sakafu ya saruji. Baba alipenda kufanyia mazoezi humo kwa sababu sauti ilikua. Uzi mmoja ulizunguka nyumba nzima ukarudi umenenepa. Alikuwa na redio ya kaseti, akibonyeza vitufe viwili pamoja anajirekodi, halafu anasikiliza huku akijitukana. Alipokufa, binamu zangu walichukua nyatiti, kigoda na pete. Mimi nilichukua kaseti moja ambayo hakuna aliyeitaka.

Katika kaseti hiyo kuna mahali ambapo nyuzi zinashuka chini kabisa. Inasikika sauti ya mwanamume inanguruma, sauti nyingine fupi inajibu, halafu pigo kubwa, halafu nyuzi zinarudi juu. Mjaluo yeyote angekwambia hapo ni nini. Ni pakruok. Wimbo ukikolea, mtu huusimamisha ili ajisifu mbele ya watu. Huanza na neno "An", yaani mimi, kisha anamalizia: mimi binti wa Nyakach, mimi ndume wa ziwani, chochote anachojivunia. Mpigaji humngoja, halafu hugonga na kuurudisha wimbo. Nikasema, huyu mzee alijisifu peke yake ghalani, akajijibu mwenyewe, akagonga kwa oduong'o. Nilicheka. Ndivyo alivyokuwa.

Nikalikata pigo lile nikaliingiza kwenye kompyuta. Lilikuwa tamu mno. Mkia wake wa mwangwi ulikaribia sekunde nne, mabati yote ya ghala yakinguruma nyuma yake. Nikalifanya ngoma kuu ya biti, na kijana mmoja msanii wa Kondele akaimba juu yake. Wimbo ukashika. Ulipigwa kwenye pikipiki, baa, harusini, hata kwenye mikutano ya wanasiasa ambao hawakutuomba ruhusa. Nilipoitwa redioni wakaniuliza ngoma ile nzito nimeitoa wapi, nilisema kwa maringo, "Huo ni mguu wa baba yangu." Nilikaribia kumsamehe hapo hapo hewani.

Mwaka huu msanii yule akarudi. Kuna jamaa alitaka rimiksi, na alitaka kila sauti ije safi, peke yake. Msanii akasikiliza ngoma yangu bila vyombo vingine, akakunja uso.

"Madam, hii kick iko na maji mingi sana. Nikiingia na verse inanimeza."

"Hayo si maji. Ni mwangwi wa ghala la baba yangu."

"Sawa, lakini toa hiyo reverb. Nataka ikuje kavu, ikupige hapa," akajigonga kifuani.

Nilimrushia spika za masikioni. Akainama, zikagonga ukuta na kuangukia trei za mayai tulizobandika kuzuia sauti. Aliziokota, akazipangusa kwa shati lake, akanirudishia. "Hata ukinipiga, Madam, maji bado iko." Na alikuwa anasema kweli. Nilijua tangu zamani kwamba mkia ule ulijaza matope kwenye wimbo.

Kwanza nilijaribu kuukata tu. Unaweka mlango wa sauti: pigo likipita, mlango unafungwa. Likatoka kama mtu aliyebanwa vidole na mlango wa gari. Nikabaki na programu ya kufuta mwangwi. Hiyo huanza kwa kusikiliza chumba, ijifunze jinsi sauti inavyorudi kutoka ukutani, ndipo itenganishe kilichotoka kwenye chombo na kilichotoka kwenye mabati. Pigo moja ni fupi mno kuifundisha. Inataka kipande kirefu. Basi nikaipa kaseti yote, upande mzima, mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa saa saba mchana. Fundi wa jirani alikuwa anasaga chuma, na msanii alikuwa kwenye benchi anakula samosa. Kompyuta ikachemka dakika kumi. Nikavaa spika za masikioni nikabonyeza.

Uzi wa kwanza ulinishtua. Ulikuwa mtupu, mbele ya pua yangu. Ghala lilikuwa limetoweka na baba alikuwa ameketi mezani pangu, anahema, njuga za mguuni zinagongana. Nilitaka kumwita msanii asikie. Halafu ikafika ile sehemu ya pakruok, na nyuzi hazikushuka chini. Mlio ulikatika. Miaka yote niliyodhani zinapigwa polepole, baba hakuwa anapiga kitu. Ni mabati yaliyokuwa yanaendelea peke yake. Yeye alikuwa ameacha kucheza kabisa.

"Ng'ama omulo?" alisema. Nani ameigusa?

Hatua mbili kwenye saruji.

"An," alisema Mama.

Halafu pigo langu.

Bila mkia, halikuwa chuma juu ya ubao. Nimekaa na ngoma maisha yangu yote na ninajua nyama inavyolia. Kilikuwa kiganja kwenye upande wa kichwa, kwa nguvu zote za bega. Kikafuata kishindo cha mtu anayeanguka na sufuria, ile aliyomletea chakula, na mfuniko ukizunguka sakafuni hadi ukatulia. Halafu nyuzi zikaanza tena, pale pale zilipokomea. Mzee hakukosea hata mdundo mmoja.

Niliikumbuka siku iliyorekodiwa: nilikuwa na miaka saba, na ilikuwa asubuhi. Nyatiti ilikuwa imeegemezwa ukutani na hakukuwa na mtu nyumbani. Niliuvuta uzi mmoja tu, nisikie. Ukakatika. Niliufunga fundo, nikajificha nyuma ya choo mchana kutwa, nimejikojolea, nikingoja mpini wa jembe. Baba aliichukua akaenda nayo ghalani, akarudi jioni, akala, akalala. Nikaamini Mungu amempofusha asione. Mama alikuwa amejifunga leso kichwani, na wiki iliyofuata alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto. Alituambia ni kwinini, ile dawa ya malaria. Mpaka leo ukimsemesha upande huo hageuki.

Nilichukua kigoda nilichokalia nikakipiga kwenye spika kubwa ya kushoto. Nikaipiga tena, koni ikapasuka, nikaingiza mkono nikang'oa nyaya. Msanii alisimama na samosa yake mdomoni. "Madam, ni nini? Madam!" Hapo hapo nje, kwenye makutano, boda mmoja akapita polepole na pikipiki yake, spika nyuma ya kiti, na wimbo uliokuwa unalia ulikuwa wetu.

Du.

Nilitoka na kigoda mkononi. Nilimfikia alipopunguza mwendo kwenye tuta, nikaishindilia ile spika hadi ikaning'inia kwa waya mmoja. Boda alishuka akanikamata kola, nikamng'ata mkono. Akanipiga ngumi ya shavu. Nikaona nyota, nikamrudia. Wauza mitumba wakakusanyika, mmoja akipiga kelele, "Muachieni mama, amerukwa na akili!" Msanii ndiye aliyejitia katikati, akapata ngumi mbili ambazo hazikuwa zake, akanikokota hadi kwenye ngazi ya duka la magurudumu. Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu. Kwanza nilimwambia ukweli mmoja: "Umeimba juu ya sikio la mamangu." Akaketi chini, nikamsimulia yaliyobaki.

Kesho yake nilikwenda Katito. Kaburi la baba liko upande wa kulia unapoingia bomani, na tuliliwekea vigae vyeupe kwa pesa za wimbo ule. Sikupanga kufanya lolote. Nilipolifikia, mguu ulikwenda wenyewe. Nilipiga teke la kwanza kigae kikapasuka, la pili, la tatu. Kwetu mtu akilitendea kaburi hivyo huitiwa wazee. Niliendelea hadi kiatu kikachanika na kucha ya kidole gumba ikang'oka.

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mboga za osuga mapajani. Alinitazama hadi nikamaliza.

"Umeumia mguu," alisema. "Njoo ukae."

Alinifunga kidole kwa kipande cha leso. Nilikaa upande wake wa kulia, upande unaosikia, nikamwambia kwa Kijaluo kila kitu: kaseti, programu, nyuzi zilizonyamaza, neno lake. Nilimwambia kwamba ile ngoma si mguu wa Baba. Nililia kwa hasira, makamasi yakanitoka, na sikuona haya.

"Najua," alisema Mama. Akachambua jani moja, akatupa bua. "Nimelijua tangu siku ya kwanza lilipolia pale sokoni. Mtu hasahau lililomvunja sikio."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nikasema, binti yangu amemweka baba yake hadharani, kila mtu amsikie anavyopiga. Nilifurahi, nyathina, mwanangu. Nilinunua soda. Halafu nikakusikia redioni ukisema ni mguu wake. Nikasema, basi, naye anamfichia aibu, kama nilivyomfichia mimi."

Hakuna kipigo cha baba kilichowahi kuniuma hivyo. Nilimwambia nitaufuta wimbo, nitawapigia simu wote, nitavunja kila spika ya Kisumu nzima ikibidi. Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Wacha kuvunja vitu. Baba yako alivunja vya kutosha. Hilo pigo limebaki huko peke yake kama ni lake. Mimi nilisema kitu kwanza. Rudisha neno langu mahali pake."

Rimiksi tuliifanya siku tatu, na spika moja. Mwangwi niliufuta wote, sikubakiza bati hata moja. Mlio wa nyuzi unakatika. Unasikia hatua mbili, unasikia "An" ya mwanamke, kavu, karibu, kisha kiganja. Halafu niliacha kimya mahali ambapo baba alirudi kwenye nyuzi, na msanii akaanzia hapo. Alibadilisha mistari yake yote. Mahali pa majigambo ya magari aliweka yale niliyomwambia kwenye ngazi, bila kumtaja mtu.

Jumamosi ulipopigwa mara ya kwanza kwenye ukumbi mmoja wa Kondele, nilisimama karibu na mlango, nimekunja ngumi, nikingoja mtu acheke. Mlio wa nyuzi ukakatika. "An," alisema Mama, na ukumbi mzima ukadhani ni pakruok. Wakamjibu. Wanawake ndio walianza, mikono juu, kila mmoja akimalizia la kwake: An nyar Nyakach! An nyar Seme! An, nauza omena na watoto wangu wako chuo! Kiganja kikaanguka katikati ya kelele zao na karibu kisisikike. Mcheza santuri akaurudisha nyuma mara nne kwa sababu walikataa aendelee. Ngumi zangu zilifunguka na sikujua nizipeleke wapi.

Jumapili nilimpigia Mama simu. Nilimwambia ahamishie simu sikio la kulia, akasema iko huko huko siku zote, mjinga mimi. Nikamsimulia jinsi watu walivyolidaka neno lake na kulimalizia, ukumbi mzima. Akacheka sana. Ndipo nikamuuliza swali nililolala nalo: siku ile, kama asingepigwa, angemalizia na nini?

"Hakukuwa na la kumalizia," alisema. "Neno lilikuwa limeisha. Ulikuwa na miaka saba, na shingo yako ilikuwa kama ya kuku. Kofi lile lingekuua."

Kisha akaniuliza kama kidole kimepona, na lini nitakuja kubandika vile vigae.